Makaroni imepita tarehe, tutupe ama tupike?

Mwezi uliopita wifi yangu alishuka kutoka Koboko kuja kutusalimia hapa Kisenyi, Kampala, akakaa wiki mbili, na wifi yangu ni mtu wa usafi sana, siku ya pili tu alishafungua kabati langu la jikoni anasoma pakiti moja moja kama askari wa mpakani anavyosoma pasipoti. Makaroni pakiti tatu, zimepita miezi miwili, tupa. Pilau masala, tupa. Majani ya chai, tupa. Mi nimekaa kwenye kigoda namwangalia tu, kwa sababu wifi ni wifi, humkatalii kitu siku ya pili. "Wifi, mtatuulia watoto wa kaka yangu na hivi vitu," akasema. Sawa wifi.

Sasa wakati anasema hivyo, kwenye sigiri kulikuwa na mchuzi wa karanga unatokota, na karanga zenyewe kaja nazo yeye, zimetoka kwenye gunia lililokaa sakafuni kwao tangu mavuno, na alishazitwanga kabla mi sijaziona. Nikaonja mchuzi, nikasikia uchungu mdogo unabaki nyuma ya ulimi. Nikaenda kufungua kavera, ule mfuko wa plastiki, nione zilizobaki. Nusu zimejikunja kama ngozi ya bibi, zingine zina vumbi la kijani kwenye ule mpasuko wa katikati. Yaani makaroni ilikuwa nzima kabisa, mchuzi ndo ulikuwa wa kumwagwa, na ile kavera ya karanga haikuwa na tarehe hata moja ya kumtisha mtu.

Nikaona bora niandike, kwa sababu hili swali naulizwa kila mara. Mi napikia watu chakula cha mchana, wapakiaji wa magunia, madereva, vijana wa mashine za kusaga, sahani kama arobaini kwa siku, posho (ugali) na maharage na wali na mukene (dagaa), na kazi hii haina msamaha, ukimharibia mtu tumbo leo kesho meza nzima imehamia kwa jirani. Kwa hiyo macho yangu yameshazoea kuangalia chakula chenyewe kabla ya maandishi.

Tuanze na hiyo tarehe

Kwenye pakiti utakuta MFG, hiyo ni siku kilipotengenezwa. BB ama BBE ni "bora kabla ya", maana yake mwenye kiwanda anakuahidi kwamba mpaka siku hiyo ladha na rangi na harufu vitakuwa vile alivyotaka, ilimradi pakiti haijafunguliwa na imekaa pakavu. Hajasema kwamba kesho yake inageuka sumu. EXP ama USE BY ndo mwisho wa matumizi, na hiyo kazi yake hasa ni kwa vitu vya majimaji ama vinavyoharibika haraka, maziwa, soseji, mtindi, na dawa pia. Shida ni kwamba viwanda vingine vinagonga EXP kwenye kila kitu, mpaka chumvi, sasa herufi peke yake hazitoshi, lazima ujue ni chakula gani kiko ndani. Mi nafanya hivi: EXP ya maziwa, nyama, dawa na chakula cha mtoto mchanga naiheshimu bila mjadala, lakini kwa mchele, tambi, maharage na chumvi naangalia chakula.

Na ukiletewa vitu na ndugu wa Marekani angalia mpangilio, kule mwezi unatangulia siku, 04/09 kwao ni tarehe 9 mwezi wa nne, kwetu ni tarehe 4 mwezi wa tisa, hapo umeshakosea miezi mitano.

Kitu cha kujua ni kwamba hata Codex, ile kanuni ya kimataifa ya vyakula, kwenye sheria zake za lebo inasema chumvi isiyotiwa madini joto, sukari ya chenga isiyoongezewa virutubisho na siki havihitaji kuandikiwa tarehe. Chumvi imekaa kwenye ziwa la chumvi la Katwe miaka na miaka, we leo uitupe kwa sababu ya karatasi? Ile madini joto iliyoongezwa ndani ndo inapungua polepole ukiiacha wazi ama kwenye unyevu, kwa hiyo funika, lakini chumvi haiozi.

Alafu tusichanganye nyumbani na dukani. Mwenye duka haruhusiwi kuuza kitu kilichopita tarehe, UNBS, shirika la viwango la Uganda, wanapita madukani wanakamata, na mimi pia kwenye chakula cha wateja situmii, hata kama najua ni kizima, kwa sababu mteja hajanipa ruhusa ya kumpima bahati. Haya ninayosema ni ya sufuria ya nyumbani kwako. Na ukiona dukani tarehe imekwanguliwa ama wino umepakwa juu ya wino mwingine, rudisha pakiti kwenye rafu uende zako, mtu anayedanganya tarehe hujui amedanganya na nini kingine.

Maji ndo kila kitu

Chakula kikavu kinakaa kwa sababu kimenyimwa maji. Ukungu na bakteria wanataka maji ili waishi, ukikausha vizuri hawana cha kunywa, wanalala tu. Hawajafa wote, wamelala, hiyo ndo sehemu watu wanaisahau. Mahindi kwa viwango vya Afrika Mashariki yanatakiwa yasizidi unyevu wa asilimia 13.5, karanga zinataka ziwe kavu zaidi ya hapo, kama asilimia 7 ama 8. Ukivuka hapo, hata kama umevuna wiki iliyopita, umeshafungua mlango.

Ndo maana swali la "imepita miezi mingapi" mi silianzi nalo. Naanza na "imekaa wapi". Pakiti ya tambi iliyokaa juu kwenye kabati kavu mwaka mzima baada ya tarehe ni bora mara mia kuliko pakiti ya jana iliyowekwa chini ya sinki inanyonya unyevu.

Na kama unataka mfano wa hao waliolala kuamka, angalia kiporo. Mchele mkavu wa miaka miwili hauna neno, lakini wali uliopikwa jana jioni ukaachwa kwenye sufuria mezani mpaka asubuhi, na joto hili la Kampala, huo ndo wa kuogopa. Kuna kijidudu kinaitwa Bacillus cereus, mbegu zake zinastahimili kuchemshwa, zikipata wali wa uvuguvugu zinaamka zinatengeneza sumu, na hiyo sumu ukipasha tena moto haitoki. Mtu anatapika asubuhi alafu analaumu mchele kwamba ulikuwa wa zamani. Kiporo nakipenda sana na chai, lakini kikishapoa kidogo kitie frijini ndani ya saa moja ama mbili, kama huna frijini pika kiasi cha kumaliza.

Kipimo kimoja ambacho hakina gharama, cha nafaka kama mahindi. Chukua chupa ya kioo kavu, kavu kabisa, iwe kavu hata ile shingo. Tia vijiko viwili vitatu vya chumvi kavu (ikiwa imeshika unyevu ikaange kidogo kwanza ipoe), alafu jaza mahindi kama theluthi ya chupa, funga, tikisa dakika moja, iache robo saa. Angalia kioo. Chumvi ikiwa imegandia kwenye ukuta wa chupa, unyevu umezidi asilimia 15, hayo mahindi hayafai kuwekwa ghalani, rudisha kwenye jua. Chumvi ikianguka chini yote, uko chini ya 15, angalau unaelekea pazuri, ongeza siku ya jua ndo ufunge.

Sasa kabati lenyewe

Mchele mweupe, iwe Super ama Kaiso, ukiwa mkavu na umefungwa vizuri unakaa miaka. Wapishi wa pilau wanajua mchele wa zamani kidogo unachambuka vizuri kuliko wa juzi, hauwi bokoboko. Kagua fukusi, pepeta kwenye ungo, osha maji matatu, pika. Mchele wa kahawia ule usiokobolewa ni habari nyingine, una mafuta kwenye ganda, baada ya miezi sita hivi unaanza kuchacha, unanuka kama mafuta ya kukaangia yaliyokaa. Hautakuua lakini utaharibu chakula.

Makaroni na tambi, haina maneno mengi. Pakiti nzima, haijatoboka, hakuna wadudu, hakuna harufu ya kabati la nguo, pika hata mwaka baada ya tarehe. Zile za mayai muda wake mfupi zaidi.

Maharage hapo tukae kidogo, maana watu wengi hapa wanapoteza pesa bila kujua. Maharage ya zamani hayana sumu, ila yanakula makaa. Yakikaa muda mrefu sehemu ya joto na unyevu yanabadilika ndani, yanakataa maji, utayachemsha tangu asubuhi mpaka azana ya saa saba bado yanagonga kwenye sahani kama kokoto. Nilishanunua debe la bei nafuu kwa mtu, nikafurahi, makaa niliyochoma wiki ile yalizidi ile pesa niliyookoa. Kabla hujanunua mengi omba kiganja kimoja, kayaloweke usiku nyumbani, asubuhi yale ambayo hayajavimba kabisa, yako vilevile na ngozi imenyooka, hayo ndo mawe. Yakiwa machache haina shida, yakiwa robo ya kiganja mwachie mwenyewe.

Ukiwa umeshayanunua basi fanya hivi: chagua, osha, yale yanayoelea juu na yana tundu yatoe, yameshaliwa ndani yamebaki ganda. Loweka usiku kucha kwenye maji mengi. Asubuhi mwaga hayo maji, tia mapya, tia magadi kidogo tu, ile ya kuokota kwa vidole viwili kwa kilo, ukizidisha yatanuka sabuni na vitamini utakuwa umeziua. Wengine upande wa Lango na Acholi wanatumia maji ya majivu yaliyochujwa, kazi ni ile ile. Nyanya usitie mpaka yameiva, ina asidi inazuia kulainika.

Na hii isikie vizuri: maharage mekundu, kama Nambale, yana sumu yake ya asili ambayo haina uhusiano na tarehe. Inaondolewa kwa kuchemsha kwa nguvu, maji yanatokota mapovu, dakika kumi kwenda juu, mi naacha nusu saa ndo napunguza moto. Ukiyaweka kwenye moto mdogo tangu mwanzo yakalainika polepole bila kutokota inaweza kuwa mbaya zaidi, mtu anakula baada ya saa mbili anatapika. Hayo magumu ya zamani ndo yanakuponza hapa, kwa sababu njaa inakuuma unayala yakiwa nusu mbichi.

Fukusi wenyewe sio sumu. Najua watu wanaona fukusi wawili wanatupa kilo tano. Anika juani kwenye turubai jeusi, wengine watakimbia, pepeta, osha. Lakini ukikuta vumbi jingi chini, nafaka ina joto ukiingiza mkono katikati ya gunia, na harufu ya udongo uliolowa, hao wadudu wameshaleta unyevu na ukungu umefuata nyuma, hapo acha. Kuingiza mkono katikati ya gunia ni kipimo kizuri sana, wapakiaji wangu wote wanakijua, nafaka nzima ni baridi, inayoharibika inapumua joto.

Unga wa posho unategemea umekobolewa vipi. Ule mweupe wa namba wani umetolewa kiini na pumba, hauna mafuta mengi, unakaa miezi. Ule wa kusaga mahindi mazima, mzito, wenye virutubisho zaidi, una mafuta yote ndani, wiki chache tu unaanza kuchacha, kwa hiyo saga kidogo kidogo. Onja kidole kimoja kikavu, ukiwa mchungu ama unawasha koo umekwisha. Chekecha kwenye mwanga, ukiona uzi uzi kama wa buibui umeshikilia unga vidonge vidonge, hao ni viwavi wa nondo, chekecheo haliwaondoi wote, mi hapo natupa. Vidonge vigumu vya rangi tofauti ni maji yaliingia, natupa pia.

Na unga unatoka kwenye mashine ukiwa wa moto, niko nao mlango kwa mlango naona kila siku mtu anafunga mfuko pale pale anatia kwenye boda. Ule moto unatoa jasho ndani ya mfuko, jasho linarudi kwenye unga. Ukifika nyumbani fungua, utandaze kwenye kitambaa kisafi upoe kabisa ndo ufunge. Unga mwingi unaosemwa "uliharibika kabla ya muda" uliharibikia kwenye boda.

Unga wa muhogo nao ukiwa na madoa meusi yaliyotokea baada ya kuhifadhi, acha. Najua upande wa Teso na Lango watu wanaulundika muhogo mpaka uote ukungu alafu wanaukwangua na kuuanika, hiyo ni njia yao ya kuuchachusha ina utaalamu wake, sio sawa na ukungu uliojileta wenyewe kwenye kabati lako.

Karanga na mahindi, hapa usicheze

Kuna kuvu anaitwa Aspergillus, anapenda karanga na mahindi, na akishakaa anaacha sumu ambayo kwa Kiswahili tunaita sumukuvu, redioni utasikia aflatoksini. Ubaya wake ni mtatu. Haina harufu, unaweza kuwa nayo bila kuona ukungu wowote. Haitoki kwa kupika, ukikaanga karanga inapungua kiasi tu, ukichemsha inabaki. Na mara nyingi haikuumi leo, inaumiza ini taratibu mwaka baada ya mwaka mpaka inaleta kansa, na mtu mwenye virusi vya homa ya ini B hatari inazidishwa mara nyingi. Sisi wa kaskazini homa ya ini B iko juu kuliko sehemu zingine za nchi, kwa hiyo hili sio jambo la kusoma tu.

Ilijulikana kwa mara ya kwanza Uingereza mwaka 1960, bata mzinga zaidi ya laki moja walikufa, watu wakashangaa ugonjwa gani, kumbe ni chakula chao kilikuwa na mashudu ya karanga kutoka Brazil. Na kwa binadamu hatuendi mbali, mwaka 2004 hapo Kenya, Makueni na Kitui huko, watu 317 waliugua na 125 wakafa kwa sababu ya mahindi, mengi ni ya shambani kwao wenyewe yaliyowekwa nyumbani yakiwa hayajakauka. Hayo mahindi nani aliyaandikia tarehe? Mwezi wa tatu 2021 Kenya ilifunga mahindi ya Uganda na Tanzania kwa sababu hiyo hiyo ya sumukuvu, magari yakasimama Malaba na Busia, na hapa Kisenyi wapakiaji wangu walikuwa wanakuja kula kwa deni. Kiwango cha Afrika Mashariki ni sehemu 10 kwenye bilioni, ni kidogo sana hicho, jicho halioni.

Sasa jikoni unafanya nini kama hauoni? Unachagua. Sumu huwa haijasambaa sawasawa, inakuwa nyingi kwenye punje chache mbovu, ukizitoa hizo umetoa sehemu kubwa. Mwaga karanga kwenye ungo, kaa nje kwenye mwanga sio ndani kwenye balbu, toa zote zilizojikunja, zilizopasuka, zilizotobolewa, zilizoanza kuota, zenye rangi nyeusi ama manjano ya ajabu, na yoyote yenye kijani. Usione huruma. Karanga nzuri imejaa, ngozi imekaza, ukiipasua katikati ndani ni nyeupe ya maziwa mpaka kwenye kile kijiti. Ukikuta zinazotolewa ni nyingi kuliko zinazobaki, achana na fungu lote. Na ukitafuna moja ikawa chungu tema, usimeze kwa aibu.

Ndo maana karanga za unga za sokoni mi siziamini, zile nyekundu zimesagwa tayari kwenye beseni. Sisemi wote, kuna akina mama waaminifu sana, lakini ukishasaga hakuna wa kuchagua tena, na mtu mwenye karanga mbovu njia rahisi ya kuziuza ni kuzisaga. Nunua nzima, chagua mwenyewe, twanga mwenyewe ama simama pale anapokusagia. Ikishakuwa unga tumia ndani ya wiki mbili, mafuta yake yanachacha haraka.

Mahindi vilevile. Na zile mbovu usiwape kuku, sijui nani alitufundisha kwamba kuku hadhuriki, kuku anadhurika, vifaranga ndo kabisa, na ng'ombe akila sumu inapita mpaka kwenye maziwa mnayokunywa. Fukia.

Vingine kwa haraka

Maziwa ya unga yenye mafuta yanachacha, nusa, yakinuka kama rangi ya kupaka ama kadibodi acha, yasiyo na mafuta yanavumilia zaidi. Maziwa ya kopo ya mtoto mchanga tarehe ikipita hata siku moja usitumie, hapo hakuna kunusa wala kuonja, vitamini zinapungua na yule mtoto hana chakula kingine.

Mukene nzuri ni ngumu, inang'aa fedha, ukiivunja inasema "kak". Ikiwa laini, imeshikana, rangi imekuwa ya kutu na inawasha pua, imekwisha. Ile iliyoanikwa kwenye wavu inakaa kuliko ya mchangani. Ukinunua nyingi ikaange kavu kidogo bila mafuta, ipoe, ndo uifunge.

Viungo, pilau masala, majani ya chai, kahawa, hivyo vinachoka tu, harufu inaondoka, unatia vijiko viwili badala ya kimoja. Vikiota ukungu tupa, vikiwa vikavu havina neno. Hamira itie kwenye maji vuguvugu na sukari kidogo, dakika kumi ikitoa povu iko hai, isipotoa mandazi yako yatakuwa mawe. Baking pauda tia kijiko kwenye maji ya moto, ikichemka kwa fujo bado inafanya kazi. Asali ikiganda sio mbovu, ila mtoto chini ya mwaka mmoja usimpe hata ikiwa ya leo.

Kuhifadhi

Gunia lisikae sakafuni, sakafu ya sementi inatoa unyevu kuliko unavyofikiri, weka mbao chini na usiliegemeze ukutani. Kwa maharage na mahindi yaliyokauka vizuri mi natumia jerikeni, naosha, nakausha siku mbili mdomo chini, najaza mpaka juu kabisa nikigongagonga ishuke, nafunga kwa nguvu. Hewa ikiwa ndogo fukusi wanaimaliza wanakufa wenyewe. Kuna pia mifuko ya PICS, ile yenye nailoni mbili ndani ya gunia moja, inafanya kazi hiyo hiyo bila dawa. Kama jerikeni ni nusu tu na maharage ndo hayo, basi libiringishe asubuhi na jioni kila siku, yule mtoto wa fukusi anahitaji muda mrefu kutoboa harage moja, ukimgeuza kila mara anachoka kabla hajaingia. Inaonekana mchezo wa watoto, wape watoto basi.

Vile vidonge vya gesi wanavyotia kwenye maghala, usilete kwenye nyumba mnayolala. Kabisa. Gesi yake inaua watu usingizini, sio hadithi.

Na tarehe, andika yako. Mi nina kalamu ya maka, kila ninachonunua naandika siku niliyonunua kwenye kifuniko, cha zamani mbele cha mpya nyuma. Hiyo tarehe naiamini.

Makaroni niliiokota kwenye pipa wifi alipolala, Jumapili tukaila na nyama ya kusaga, akaomba kuongezwa, sikusema kitu. Siku ya kuondoka nikamfungia jerikeni mbili tupu na chupa moja ya kioo, nikamweleza ile habari ya chumvi akawa ananiangalia kama nimechanganyikiwa. Juzi usiku simu inalia, Koboko.

"Wifi, chumvi imeganda kwenye chupa yote."

"Mahindi yako wapi?"

"Yameshaingia kwenye jerikeni."

"Yatoe wifi. Kesho kukicha yarudishe kwenye turubai."